Uzi Mwekundu wa Mzee Semkiwa

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Jambo hili lilitokea zamani, kabla ya aliyenisimulia mimi, na kabla ya aliyemsimulia yeye. Kulikuwa na kijiji. Katika kijiji kulikuwa na kisima kirefu. Na alasiri moja ya kiangazi watu walisimama kando ya kisima hicho. Nitawataja mmoja mmoja, ili baadaye asije mtu akasema fulani naye alikuwapo.

Alikuwapo Shauri bin Mdoe, mwenye nyumba iliyo jirani na kisima. Yeye alikuwa ameshika kamba.

Alikuwapo mkewe, Mamvua binti Kiluwa. Yeye alikuwa ameshika pindo la kaniki yake, amelikaza ngumini.

Alikuwapo Bi Salimini binti Hande, mgeni, aliyekuja kumposea mwanawe.

Alikuwapo Makange bin Hande, kaka yake Bi Salimini, mtu mnene, mpenda maneno.

Alikuwapo Mzee Semkiwa bin Mhina, fundi wa vitu vilivyochakaa. Wako wasimuliaji wanaomwita Semkuya. Wanakosea. Semkuya alikuwa mtu mwingine, mfua chuma, na siku hiyo hakuwapo.

Alikuwapo paka, jina lake Majivu, juu ya paa.

Alikuwapo mbwa, jina lake Semeni.

Na alikuwapo Mwanakombo, binti wa Shauri na Mamvua. Lakini Mwanakombo na mbwa Semeni hawakuwa pamoja na wenzao juu ya ardhi. Walikuwa ndani ya kisima, na kamba iliyowashika ilikuwa inakatika.

Sasa nirudi nyuma, niwaambie ilikuwaje.

Mzee Semkiwa alikuwa hatengenezi kitu kipya. Hakusuka mkeka, hakusokota kamba, hakuchonga kinu. Kazi yake ilikuwa vilivyochakaa. Mkeka uliotoboka aliutia kiraka. Kibuyu kilichopasuka alikishona. Kamba iliyolika aliiunga. Alikaa mlangoni kwake juu ya ngozi ya mbuzi, sindano ya mfupa mkononi, akisema polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto:

"Pita juu, pita chini, shika. Pita juu, pita chini, shika."

Na kila alipomaliza kutengeneza kitu, alitia uzi mwekundu mahali alipotengeneza. Uzi huo aliuchemsha mwenyewe pamoja na magome ya mkoko mpaka ukawa kama damu ya kuku. Kijiji kizima kilijua maana yake. Penye wekundu kibuyuni, usishikie hapo. Penye wekundu mkekani, usiburute hapo. Na kwenye kamba ya kisima ilikuwa sheria, hata watoto waliijua: wekundu usikae ukingoni. Ukifika kwenye jiwe la ukingo, weka ngozi chini yake, upitishe upesi, usiuache usuguane.

Nyumba ya Shauri ilikuwa na wekundu mwingi. Haikuwa nyumba ya uvivu. Ilikuwa nyumba ya watu wasiotupa kitu. Mkeka wa kulia chakula ulikuwa na wekundu. Kibuyu cha maziwa kilikuwa na wekundu. Kamba ya kisima ilikuwa na wekundu sehemu mbili. Wanawake wenziwe walimcheka Mamvua wakichota maji.

"Nyumba ya Shauri," walisema, "hata moshi wake una kiraka."

Shauri aliposikia maneno hayo hakukasirika. Alikuwa amepata mbwa mchanga wakati huo, akamwita Semeni. Wakiulizana ni jina gani hilo, alijibu, "Ni ruhusa."

Lakini Mamvua hakucheka. Maneno yale yalimkaa kooni.

Ikaja habari kwamba Bi Salimini atafika na kaka yake, kuja kumposa Mwanakombo. Mamvua akaenda kwa Mzee Semkiwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nini kimechakaa leo?"

"Hakuna kilichochakaa, babu. Nataka kuuliza. Huna uzi mweupe?"

"Ninao."

"Basi unitolee huu mwekundu, unitilie mweupe. Wageni wangu wakija wasione."

Mzee Semkiwa akaweka sindano chini. "Mweupe nilio nao ni wa kushonea sanda," alisema. "Na mwekundu sikuutia kwa ajili ya wageni. Mwanangu, mgeni ataondoka. Kamba itabaki nawe."

Mamvua akarudi nyumbani. Njiani hakumsalimu mtu.

Asubuhi ya siku ya wageni, Shauri alikuwa ameenda kutafuta kuku wa kuchinja, na Mwanakombo alikuwa anasukwa nywele kwa jirani. Mamvua akakaa kizingitini. Akachukua mkeka, akang'oa uzi mwekundu. Nyu. Akachukua kibuyu, akang'oa uzi mwekundu. Nyu. Akachukua kamba ya kisima, akang'oa wekundu wa kwanza. Nyu. Akang'oa wa pili. Nyu. Mahali alipong'oa palibaki pamevimba na pana rangi nyingine, kwa hiyo akapaka mafuta ya mbarika, kisha akapaka vumbi juu yake, akasugua mpaka pakafanana na kamba nyingine yote. Nyuzi alizikusanya, akazifunga katika pindo la kaniki yake.

Alidhani amezifunga zote. Uzi mmoja ulianguka kizingitini. Paka Majivu aliuona.

Shauri na Mwanakombo walipokwisha kurudi, wageni wakafika. Wakakaribishwa. Wakakaa juu ya mkeka, na mkeka ukaonekana mzima. Wakapewa maziwa, na kibuyu kikaonekana kizima. Bi Salimini alikaa wima kabisa, mkono wa kushoto ameubana ubavuni, akatazama huku na huku bila kusema neno. Kaka yake Makange ndiye aliyesema.

"Shemeji, nyumba yako haina hata ufa. Sisi kwetu panya anaingia kwa mlango wake mwenyewe."

Mamvua akatabasamu. Mara ya kwanza tangu alfajiri.

Mbele ya Makange ilikuwapo shuka ya posa, imekunjwa, nyeupe, ndefu, haijaguswa na maji. Ilikuwa bado haijakabidhiwa. Desturi ilikuwa hivi: mama wa mwanamume huitazama nyumba kwanza. Akiridhika, huisukuma shuka mbele kwa mkono wake. Asiporidhika, huondoka nayo, na msichana huyo huchukua muda mrefu kabla hajaja mwingine kumposa. Mamvua aliitazama shuka. Bi Salimini alitazama nyumba. Shuka ilikaa pale pale.

Ndipo Majivu akapita, uzi mwekundu mdomoni, mkia juu. Semeni akauona ule uzi unavyoning'inia. Semeni akaruka. Majivu akakimbia. Wakazunguka kinu, wakazunguka jiko, wakaruka juu ya mkeka katikati ya wageni. Majivu akaruka juu ya ukingo wa kisima, na kutoka ukingoni akaruka juu ya paa. Semeni naye akaruka ukingoni. Paani hakufika.

Chubwi.

Kisha ikasikika sauti ya mbwa kutoka chini: wo, wo, wo.

"Atatuharibia maji," alisema Shauri, na kiangazi kilikuwa bado kirefu. Lakini Mwanakombo alikwisha simama. Yeye ndiye aliyemlea mbwa yule, akimlisha uji kwa kidole.

Kwenye nyumba ile, aliyekuwa mwepesi kuliko wote ndiye aliyeshuka kisimani kuzoa tope kila mwaka. Alikuwa Mwanakombo. Alijua kukaa kwenye kitanzi, alijua kuweka miguu ukutani. Shauri akachukua kamba. Akaipitisha mikononi haraka haraka, akitafuta wekundu. Hakuona. Akamwuliza mkewe:

"Mama Mwanakombo, hii kamba ni ile yetu?"

Mamvua akamtazama Bi Salimini. Bi Salimini alikuwa anamtazama yeye.

"Ni nzima," alisema Mamvua.

Sikilizeni jibu hilo. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Shauri akadhani mkewe ameazima kamba nzuri kwa ajili ya wageni, kama watu wafanyavyo kuazima sahani. Hakuweka ngozi juu ya jiwe. Akamteremsha binti yake.

Kamba ikalia juu ya jiwe: kwaru, kwaru, kwaru.

Mwanakombo akafika majini. Akamshika Semeni, akamfunga kifuani kwa nguo aliyojitanda. "Baba, vuta," alisema. Shauri akavuta, na Makange akamsaidia.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Kisha ikasikika: tak.

Wakasimama. Kamba ile ilisokotwa kwa nyuzi nene tatu za usumba wa nazi. Ndani ya kisima, gizani, uzi mmoja ulikuwa umekatika. Shauri aliuhisi mikononi kabla ya kuusikia.

"Baba," ilisema sauti ya Mwanakombo, "kuna nini?"

"Tulia. Weka miguu ukutani. Usitikisike."

Mzee Semkiwa aliitwa. Nyumba yake haikuwa mbali, na kwa mzee wa umri ule alifika upesi. Hakusalimu mtu. Aliitazama kamba iliyonyooka juu ya jiwe, akamwuliza Shauri:

"Wekundu uko wapi?"

"Sioni wekundu, babu. Nadhani hii si kamba yetu."

Mzee Semkiwa akaishika. "Hii ni kamba yako. Niliiunga mimi, mahali pawili."

"Basi tuambie ni wapi. Tujue tuvute au tusivute."

"Sikumbuki."

Makange alitoa macho. "Mzee, umeiunga mwenyewe na hukumbuki?"

"Nimeunga kamba za kijiji kizima," alisema Mzee Semkiwa. "Niliweka uzi mwekundu ili nisihitaji kukumbuka. Na vidole vyangu siku hizi havisikii kitu." Akavinyoosha, wakaviona, vimepinda kama mizizi ya tangawizi. "Kiungo kikiwa chini sana, tuvute polepole. Kikiwa karibu na jiwe, tukivuta kinakatika. Tusipojua, lolote tutakalofanya ni kubahatisha, na aliye kwenye kitanzi ni mtoto."

Kutoka chini ikasikika tena: wo, wo, hafifu.

"Mwachie mbwa, mwanangu," alisema Shauri akiinama. "Upunguze uzito."

"Nimemfunga, baba. Nikimfungua nitatikisika."

Mamvua alikuwa amesimama nyuma ya wote. Pindo la kaniki lilikuwa ngumini mwake. Bi Salimini alikuwa mbele yake, na shuka ya posa ilikuwa juu ya mkeka, haijasukumwa. Mamvua akisema, shuka inarudi ilikotoka. Asiposema, huenda Mwanakombo akapanda salama, na hakuna atakayejua. Huenda.

Tik. Kitu kidogo kikakatika tena ndani ya kisima.

"Nimeutoa mimi," alisema Mamvua.

Wote wakageuka.

"Uzi. Nimeutoa mimi asubuhi. Wa kamba, na wa mkeka mliokalia, na wa kibuyu mlichonywea." Akafungua pindo, na nyuzi nyekundu zikaanguka chini mbele ya Bi Salimini. "Niliona haya."

Shauri alimtazama mkewe. Alikuwa na maneno, lakini mikono yake ilikuwa na kamba, akayaacha maneno.

Mzee Semkiwa hakumkemea. Alimwuliza neno moja tu. "Ulipoutoa, ulipaka nini?"

"Mafuta ya mbarika. Na vumbi juu."

Uso wa mzee ukabadilika. "Umenifanyia mabaya na mazuri," alisema. "Mabaya, kwa sababu kiungo hushikwa na ukali wa usumba, ukikilainisha kinateleza. Mazuri, kwa sababu penye mafuta maji hayaingii. Lete kata ya maji."

Mamvua akaleta. Mzee akamwambia amwage taratibu juu ya kamba, kuanzia miguuni kwa Shauri. Usumba mkavu ulinywa maji, ukawa mweusi. Mweusi, mweusi, mweusi. Halafu, karibu na kisigino cha Shauri, maji yakakataa. Yakasimama matone matone, kama umande juu ya jani la mgomba.

"Kiungo cha kwanza ndicho hicho. Hicho kiko kwetu, hakina shida. Endelea."

Akaendelea. Mweusi, mweusi, mpaka kwenye jiwe. Akainama, akamwaga chini ya jiwe. Mweusi, mweusi. Urefu wa mkono mmoja chini ya ukingo, matone yakang'aa.

"Hapo," alisema Mzee Semkiwa. "Tungevuta mara moja zaidi kingefika kwenye jiwe."

"Tufanye nini?" aliuliza Shauri. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Ngozi haitatosha tena. Tufunge kitu chini ya kiungo, na ncha yake nyingine tuishike huku juu, ili kiungo kikikatika kitu hicho kishike. Nataka nguo. Ndefu, mpya, isiyooza."

Hapakuwa na nguo mpya katika nyumba ile. Kila mtu alijua.

Bi Salimini akasimama. Akaenda kwenye mkeka, akachukua shuka ya posa, akaikunjua yote kwa mkupuo mmoja: fwap. "Chukueni," alisema. Ndilo neno la kwanza alilosema tangu afike.

Mzee Semkiwa akalala kifudifudi juu ya jiwe, mkono mmoja kisimani. Akaipitisha shuka nyuma ya kamba. Akajaribu kukaza fundo. Vidole havikukaza. Akajaribu tena. Havikukaza.

"Mamvua," alisema, "lala hapa kando yangu."

Mamvua akalala. Bi Salimini akamshika miguu. Mamvua akashuka nusu ya kiwiliwili ndani ya kisima, kichwa chini, na chini yake akauona uso wa binti yake, mdogo, umemwelekea, na macho mawili ya mbwa.

"Mama," alisema Mwanakombo, "harufu ya mbarika."

"Nyamaza, mwanangu. Najua."

Mzee akasema sikioni mwake, na Mamvua akafanya kama alivyoambiwa:

"Pita juu. Pita chini. Shika. Usikaze bado. Pita juu. Pita chini. Shika. Sasa kaza, kaza kama mtu anayemfunga mbuzi wa jirani."

Mamvua akakaza kwa meno na kwa mikono. Kisha wakaivuta ncha ya pili mpaka juu ya ukingo, Makange akaizungusha mwilini mwake kwa kuwa ndiye aliyekuwa mzito.

"Mara ya kwanza katika maisha yangu," alisema Makange, "unene wangu unatakiwa."

Hakuna aliyecheka. Aliyasema hayo kwa kuwa aliogopa.

"Vuta."

Kwaru. Kiungo kikasogea kwenye jiwe. Kwaru. Kikapanda juu ya jiwe.

Fyat.

Kamba ikakatika yote. Shauri akaanguka chali, kipande kitupu mkononi. Ndani ya kisima kukawa na ukelele mmoja, ukakatika. Makange alivutwa mpaka magoti yakagonga ukingo, akakwama hapo. Shuka ilinyooka, ikalia kama ngoma. Fundo la Mamvua likashuka kidogo, likabana, likashika.

"Vuteni shuka," alisema Mzee Semkiwa.

Wakavuta wote. Bi Salimini naye akavuta, akainua mikono yote miwili. Na alipoinua mkono wa kushoto, ule alioubana ubavuni tangu asubuhi, wakaona chini ya kwapa lake, kwenye nguo yake nzuri, kiraka. Kilishonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo ya kuficha, na ilikuwa imeanza kufumuka.

Kichwa cha Mwanakombo kikatokea. Mabega yakatokea. Shauri akamshika kwapani, akamtoa pamoja na Semeni. Mbwa alijikung'uta, akawarushia maji wote, akaenda kulala chini ya paa alikokuwa paka. Mwanakombo alikaa chini akitetemeka, na mamaye akakaa chini akimshika.

Shuka ya posa ilikuwa juu ya jiwe, imechanika katikati, imeingia tope. Mamvua akaiokota.

"Dada," alimwambia Bi Salimini, "nitaifua. Mtarudi nayo ikiwa safi. Iliyochanika siwezi kuirudisha ilivyokuwa."

Bi Salimini alijitazama chini ya kwapa, akautazama uso wa kila mtu, akaona wote wameona. Akaenda kwa Mzee Semkiwa, akakaa mbele yake.

"Babu," alisema, "una uzi mwekundu wa kutosha?"

"Wa nini?"

"Wa shuka hii, aolewe nayo Mwanakombo. Na wa hapa," akainua mkono. "Mweupe haushiki."

Makange akasema, "Dada, tangu asubuhi nadhani mkono unakuuma."

Mzee Semkiwa akatafuta sindano yake. Lakini vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwenye jiwe na vilitoka damu. Akampa Mamvua sindano. Mamvua akaokota zile nyuzi alizozimwaga chini, akazipangusa vumbi, akaanza na shuka. Mzee alikaa kando akimwambia, pita juu, pita chini, shika. Mamvua alipofika mwisho akasita, akamtazama mzee.

"Ni wapi watu watauona?" aliuliza mzee.

"Katikati. Wakati wa harusi."

"Basi tia hapo."

Harusi ilifanyika baada ya mavuno. Mwanakombo aliivaa shuka ile, na wekundu ulikuwa katikati ya mgongo wake, na wanawake wa kisimani waliuona. Walisema walichosema. Mbwa mmoja katika kijiji kile alikuwa na jina la kuwaruhusu.

Nanyi mnaosikiliza, mnachopaswa kuondoka nacho ni hiki. Kitu kikichakaa, kitengenezeni. Mkikitengeneza, msifiche mlipotengeneza, kwa sababu atakayekitumia kesho hakuwapo siku kilipopasuka, na huenda akawa mtoto wenu. Aibu ya kiraka huisha jioni ile ile. Kamba iliyofichwa kiungo haimwonyi mtu.

Ngano yangu nimeifunga fundo hapa, na anayeitaka aichukue.

Mzee Semkiwa bin Mhina alikufa kiangazi kilichofuata.